Nyama Iliyokuja Baada ya Sala

Mama yangu ana sheria moja ambayo hakuitangaza. Ilizaliwa siku moja jikoni kwetu, Bredäng, hapa Uswidi, nilipokuwa darasa la tatu.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kucheza kwa msichana wa Kiswidi wa jengo la pili. Tulicheza mpaka mama yake akaita kwamba chakula kiko tayari. Rafiki yangu akainuka, akaniambia, "Subiri hapa, tunakula," akafunga mlango taratibu. Nikabaki chumbani kwake na kitabu cha farasi. Nilisikia uma zikigonga sahani na baba yake akicheka. Sikuona ubaya wowote. Nilidhani ndivyo inavyokuwa, kama vile unavyosubiri nje mtu akiwa chooni.

Nikarudi nyumbani. Mama akauliza swali lake la kila siku.

"Umekula?"

"Hapana."

"Tangu mchana uko kwa batu, haukula?"

"Walikula wao. Mimi nilisubiri chumbani."

Mama akaweka kifuniko cha sufuria juu ya meza, polepole sana. "Chumbani."

"Nilikuwa na kitabu, Mama."

"Bo balikuwa banakula, na wewe uko na kitabu."

Akanipakulia sahani kubwa kuliko ya mtu mzima, akaketi mbele yangu kunitazama nikimaliza. Baadaye mwalimu wangu wa darasa alimweleza kwamba Waswidi hawafanyi hivyo kwa roho mbaya. Wanaogopa kumrudisha mtoto ameshiba wakati mama yake naye amepika. Mama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, ni desturi yabo. Lakini batu ambao sijakula nabo, mtoto wangu hatalala kwabo."

Hiyo ndiyo sheria. Kwa sababu yake sikuwahi kulala nje ya nyumba yetu miaka yote ya shule ya msingi. Wenzangu walibeba mito na mifuko ya kulalia siku za Ijumaa. Mimi nilibeba sababu. Na niseme ukweli, kwa mtu mwenye haya kama mimi sababu ile ilikuwa nzuri. Ningelala kwa watu, ningeongea nini asubuhi?

Haya yote nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu mdogo wangu ni mpekuzi. Kiswahili anakisikia chote, lakini kukisoma hawezi, na Mama akimsemesha anajibu kwa Kiswidi. Mimi nilijifunza kuandika kwenye somo la lugha ya nyumbani, kwa mwalimu kutoka Tanga. Kwa hiyo naandika kama mwalimu na kuongea kama Mama wa Bukavu. Mwalimu anasema "watu" na "ndiyo", Mama anasema "batu" na "njo", na wote wawili wanadhani mwenzake amekosea.

Nilipoanza sekondari ya juu nilipangiwa dawati moja na msichana anayeshuka treni kituo kimoja kabla ya chetu, Mälarhöjden. Vituo viwili vinavyofuatana, lakini kwao kuna nyumba zenye bustani na kwetu kuna maghorofa. Alikuwa anaongea sana. Hiyo ilinifaa. Ukikaa na mtu anayeongea sana, hakuna anayegundua kwamba wewe huongei. Baba yake ni Mwitaliano anayetengeneza lifti, mama yake ni Mswidi muuguzi, na chumba cha chini amekaa bibi yake mzaa baba, ambaye nyumba nzima humwita nonna, yaani bibi kwa Kiitaliano.

Ijumaa ya kwanza niliyokwenda kwao kufanya kazi ya hesabu, harufu ya vitunguu ilipopanda ngazi nilianza kukusanya vitabu vyangu. Nilijua zamu yangu imefika, ya kwenda nyumbani au ya kusubiri.

"Unakwenda wapi?" rafiki yangu akauliza.

"Mnakula."

"Ndiyo. Na wewe je?"

Mara nonna akawa mlangoni, mfupi, ana aproni yenye unga. Hakuniuliza jina. Alinishika kiwiko, akanishusha ngazi, akaniketisha, akaniwekea sahani na kusema neno moja: "Mangia." Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Kula.

Kuanzia hapo Ijumaa zangu zikawa zake. Kiswidi chake kilikuwa cha kuokota, na changu mbele ya watu hukwama kooni, kwa hiyo tulielewana vizuri. Hakunilazimisha kusema. Alinipa kazi: kumenya kitunguu saumu, kuchambua majani ya mrehani, kukwangua jibini. Nikajifunza mambo ya nyumba ile moja baada ya jingine, mara nyingi kwa kuyakosea.

Siku ya kwanza ya kupika tambi nilizichukua nikazikata katikati zienee sufuriani, kama Mama anavyofanya. Nonna alipiga ukelele, nikadhani nimeungua. Rafiki yangu alicheka mpaka akaegemea friji. "Umezivunja mbele yake! Afadhali ungemvunja mkono!" Tambi hazikatwi. Unazisimamisha majini, zinalegea zenyewe, zinazama, kama mtu mzima anayejishusha kitini. Na usidhubutu kuweka ketchup, hata kama shuleni Waswidi wote wanaweka. Usiweke jibini juu ya samaki. Kahawa ya maziwa ni ya asubuhi tu. Baba wa rafiki yangu aliwahi kumwona mgeni anaiagiza baada ya chakula cha jioni, na alisimulia kisa hicho kwa sauti ya mtu anayesimulia ajali. Kachumbari haitangulii, inafuata. Mchuzi unaobaki sahanini unapanguswa kwa kipande cha mkate mpaka sahani ing'ae, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu kwetu tunafanya hivyo hivyo kwa tonge la bugali.

Mwalimu wangu wa Kiswahili nilipomweleza sheria hizi alitikisa kichwa. "Sisi Tanga tambi tunazikaanga, tunatia sukari, iliki na zabibu. Mwambie huyo bibi." Sikumwambia. Nilimpenda nonna, sikutaka afe.

Mwezi wa tatu, theluji bado chafu kando ya barabara, rafiki yangu aliniambia kwamba kila Agosti wanakwenda kusini mwa Italia, kijijini kwa nonna, kutengeneza mchuzi wa nyanya wa mwaka mzima. Ukoo wote hukusanyika uani. Nyanya huoshwa, huchemshwa, husagwa, hutiwa chupani, kila chupa na jani lake la mrehani, halafu chupa zinafungwa matambara zisigongane na kuchemshwa tena ndani ya pipa.

"Nonna anasema uje," akasema. "Anasema una mikono mizuri na huna kelele."

Hakuna mtu aliyewahi kunisifu kwa kutokuwa na kelele. Shuleni kila ripoti ilisema *anapaswa kushiriki zaidi*. Nilikwenda na maneno hayo mpaka nyumbani, na kwenye treni nilijikuta natabasamu peke yangu dirishani. Niliitaka safari ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Si bahari, si jua. Nilitaka kukaa uani kati ya watu wengi wanaopiga kelele nikiwa nafunga chupa matambara, na nisiulizwe kwa nini nimenyamaza.

Mama alikuwa ametoka kazini Märsta, anafanya usafi kwenye hoteli ya karibu na uwanja wa ndege, ameweka miguu kwenye beseni. Nilimweleza kila kitu kwa mkupuo, nikiwa nimesimama. Alinisikiliza, akahamisha mguu mmoja.

"Bale batu banaokulisha kila Ijumaa."

"Ndiyo, Mama."

"Banakulisha mezani?"

"Mezani."

"Hiyo ni nzuri." Akahamisha mguu wa pili. "Lakini wewe njo umekula nabo. Mimi sijakula nabo."

Kwa hiyo kila kitu kikawa kinategemea mlo mmoja. Nilimwambia rafiki yangu, naye akamwambia nonna, na nonna akasema kana kwamba ni jambo lililo wazi tangu zamani: Jumapili, saa saba.

Mimi sikuwahi kula kwao Jumapili. Jumapili sisi tuko Tensta, kwenye ukumbi tunaoabudia, na ibada yetu haina saa ya kwisha. Inakwisha Roho akimaliza, halafu kwaya, halafu matangazo, halafu kwaya tena. Mimi nilijua Ijumaa za nonna: tambi, kachumbari, chungwa, basi. Nilidhani Jumapili ni kama Ijumaa, ila kwa kitambaa cha mezani.

Jumapili ile Mama alitoka ibadani kwaya ya pili haijaimba. Hajawahi kufanya hivyo. Wamama walimgeukia, naye akapita katikati yao na liputa yake, kitenge kipya cha njano na bluu, kichwa juu, sufuria mkononi imefungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na sombe, yaani kisamvu, na sambaza, dagaa wa ziwa la kwetu, alivyovipika tangu Jumamosi. Mdogo wangu alifuata nyuma akilalamika kwa Kiswidi kwamba kiatu kinabana. Tulibadilisha treni na sufuria ile kama tumebeba mtoto mchanga.

Nonna alitupokea mlangoni kwa mikono miwili. Baba wa rafiki yangu, amevaa shati jeupe, akainama kidogo na kumwita Mama "Signora". Mama wa rafiki yangu alikuwa kwenye zamu hospitalini. Mama akatoa sufuria. Nonna akaipokea, akafungua kifuniko, akanusa, akasema "Ah!" na kwenda nayo jikoni. Akarudi mikono mitupu.

Niliona macho ya Mama yakiifuata sufuria mpaka mlango ulipofungwa.

Tukaketi. Zikaja zeituni na vipande vya soseji kavu, kidogo kidogo, Mama akaonja kimoja kimoja. Kisha nonna akaleta sinia la lazania, tambi pana kama vitambaa alizozikanda mwenyewe, zimepangwa tabaka kwa tabaka na nyama ya kusaga na jibini, kingo zimeungua vizuri. Mama alichukua uma kwa uangalifu. Akaonja. Akanitazama.

"Huyu mama anapika," akaniambia. Kutoka kwake, hiyo ni medali.

Akala. Alipomaliza akachukua mkate, akaipangusa sahani yake mpaka ikang'aa, na hakuna aliyekuwa amemfundisha. Nonna akapiga makofi kwa furaha na kumwongezea kipande kikubwa kuliko cha kwanza. Kwetu ukiongezewa na mpishi mwenyewe, amesimama juu yako, hukatai. Kukataa ni kumwambia hakujua kupika. Mama akala. Akapangusa. Nonna akaongeza. Nilimwona Mama akipumua kwa pua, akilegeza liputa kiunoni kwa kidole kimoja chini ya meza, na kula. Alikuwa anakula kwa ajili yangu. Nilijua hivyo, na kila tonge lake lilinisogeza karibu na ule ua wa nyanya.

Kachumbari haikuja, lakini sikulifikiria hilo. Nonna akatoka kwenda jikoni. Mama akafuta mdomo, akasukuma kiti, akasimama.

"Tuombe," akasema.

Nyumbani kwetu mlo unafungwa kwa sala, na mgeni ndiye anayeifunga. Nikawaambia kwa sauti ya chini, "Mama anataka kuomba." Baba wa rafiki yangu akaweka mkate chini, rafiki yangu akafumba macho. Mama akamshukuru Mungu kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa ili Mwitaliano naye apate kitu. Akashukuru kwa chakula kilicholiwa, kwa mikono iliyokipika, kwa tumbo lililojaa. Akaibariki meza na kila aliyeizunguka. Hapo ndipo nilipofumbua jicho moja.

Nonna alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika kwa taulo mbili sinia zito la nyama ya kuchoma na viazi. Ameinamisha kichwa. Mvuke ulikuwa unampanda usoni, lakini hakusogea hata hatua, kwa sababu watu walikuwa wanasali.

"Amina," Mama akasema.

"Amen!" nonna akasema kwa nguvu zote, na kulitua sinia katikati ya meza.

Mama alibaki amesimama. Alilitazama lile pande la nyama, lenye majani ya rozimari na mafuta yanayochuruzika, kisha akaniinamia.

"Hii nini tena?"

"Nyama, Mama."

"Naona ni nyama. Ilikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Wakati huu wote? Mimi nakula tambi, nakula tambi, na nyama iko jikoni?" Sauti yake ilikuwa ndogo lakini yenye ncha. "Kwetu bako batu ba hivyo. Banakujaza bugali, ukishashiba njo nyama inatokea. Mchoyo hakunyimi, mama, anakuchelewesha tu. Na sufuria yangu? Nayo bameificha?"

Nonna alikuwa tayari ameshika kisu na uma, anasubiri sahani ya Mama. Mama hakuitoa. "Hapendi?" nonna akaniuliza kwa Kiswidi chake, na uso wake ukaanza kushuka. "Haijaiva?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Ninajua hali hiyo; inakuwa kama mlango wa treni uliojifunga mbele yako.

Ndipo mdogo wangu, mwenye pengo mbele na mashavu yaliyojaa lazania, akatafsiri bila kuombwa. Kwa Kiswidi safi, kwa meza nzima: "Mama anasema nyinyi ni wachoyo."

Rafiki yangu akaweka uma chini. Nikaiona safari yangu inaondoka, nyanya, chupa, matambara, kila kitu.

Nikasimama. Sijui kwa nini, labda kwa sababu Mama alikuwa amesimama na sikutaka asimame peke yake.

"Si hivyo," nikasema kwa Kiswidi. "Kwetu chakula kinakuja chote mara moja. Kila kitu mezani, unaona mwanzo na mwisho, unajipangia. Mama alidhani ile lazania ndiyo chakula. Alikula sana kwa sababu alitaka mjue kwamba amekula na nyinyi. Hajawahi kula hivyo hata Krismasi. Sasa nyama imekuja wakati hana nafasi, na kwetu kuna watu wanaofanya hivyo makusudi, wanakushibisha kwanza ili nyama ibaki. Mimi mwenyewe sikujua. Jumapili huwa niko kanisani." Nikavuta pumzi. "Na anauliza sufuria yake iko wapi."

Halafu nikageuka na kumwambia Mama yote niliyosema, kwa Kiswahili, mbele ya wote. Sikumbuki kama nimewahi kuongea maneno mengi hivyo mfululizo nikiwa nimesimama. Rafiki yangu alikuwa ananitazama kama mtu aliyeona paka akiongea.

Baba yake akamtafsiria nonna kwa Kiitaliano. Nonna alisikiliza, ameshika kisu. Akauliza kitu. Akajibiwa. Nilingoja akasirike. Badala yake aliketi, mara ya kwanza tangu tuingie, akaanza kumwambia Mama moja kwa moja kwa Kiitaliano, vidole vimekutanishwa, vikipanda na kushuka, na mwanawe akimfuata kwa Kiswidi, nami nikimfuata mwanawe kwa Kiswahili. Maneno yalikuwa yanazunguka meza kama sahani.

"Mwambie mama yako amesema kweli," ndivyo nonna alivyosema. "Kwetu tulikuwa watoto wengi, na Jumapili sungura ni mmoja. Mama yangu alitujaza tambi kwanza. Tambi, mkate, tambi. Sungura akifika, kila mtoto anatosheka na kipande cha kidole. Sisi tulidhani ndiyo heshima ya Jumapili, chakula cha kwanza na chakula cha pili. Nilipokuwa mama mwenyewe ndipo nikaelewa. Leo nyama ipo tele, lakini mkono wangu umezoea."

Nilipomaliza kutafsiri, Mama alikuwa ameshaketi. Alimgeukia nonna.

"Sungura mmoja," akasema.

"Mmoja," nonna akajibu.

"Hiyo si uchoyo. Hiyo ni akili ya mama." Akanigusa mkono. "Mwambie, mwaka wa vita mimi nilibapa batoto mihogo kwanza, ndipo samaki. Nilisahau tu."

Nilimwambia. Nonna akafuta jicho kwa aproni, kisha akaruka kama aliyechomwa. "Sufuria!" Akaenda jikoni, akarudi na sombe yetu, imepashwa moto, akaiweka katikati kabisa, ikisukumana na nyama. Kumbe aliifikiria muda wote. Alikuwa amemuuliza mwanawe kabla hatujafika mezani: hii ni ya kwanza, ni ya pili, au ni ya pembeni? Mwanawe hakujua. Basi ikabaki jikoni inangoja mtu aseme zamu yake ni ipi.

"Mwambie," Mama akasema, "sombe haina zamu. Inakuja na kila kitu."

Mama alikata kipande cha nyama kidogo kama cha yule sungura, akakila na kijiko cha sombe. Nonna alikula sombe kwa mkate, akapangusa sahani, akatoa sambaza moja, akaitazama jichoni, akaila na kichwa chake. Mdogo wangu akauliza kama kuna ketchup. Watu watatu wakasema hapana kwa lugha tatu.

Tulipoaga, Mama hakuomba chochote, wala nonna hakuuliza. Karatasi ya foili ilikuwa tayari mezani, nyama na viazi vimefungwa, fundo juu, pamoja na limau. Hilo kwetu pia lipo. Mgeni hatoki mikono mitupu, na sufuria hairudi tupu: ndani yake nonna aliweka lazania iliyobaki. Mama alipoinua kifuniko na kuona, alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, kicheko chake cha tumbo ambacho nadra hukisikia mtu asiye wa nyumbani.

Kituoni nilisubiri aseme. Alitazama reli. Ndani ya treni alitazama dirisha. Mlangoni kwetu nikashindwa kuvumilia.

"Mama, sasa umekula nao."

"Nimekula nabo. Mpaka sasa naumwa."

"Basi...?"

"Bado. Bo habajakula kwetu."

Wakaja wiki mbili baadaye, Jumamosi. Mama alifungua meza yote na kuweka kila kitu kwa pamoja, bugali, sombe, samaki wa kukaanga, maharage, kuku, pilipili, ndizi, mpaka hapakuwa na mahali pa kuweka glasi. Nilikuwa nimemweleza rafiki yangu, naye akamweleza bibi yake. Nonna aliitikia kwa kichwa, akanawa mikono, akasema kuwa ameelewa.

Akachukua bugali. Akala bugali peke yake, tupu, mpaka ukaisha. Kisha akavuta maharage, akayamaliza. Kisha samaki. Kisha kuku. Sombe akaiweka mwisho, kama kachumbari. Alikuwa anakula mezani kwetu kama mtu anayesoma kitabu, ukurasa kwa ukurasa, na kila sahani alisubiri kidogo, anatazama mlango wa jikoni, akidhani kuna kitu bado hakijatoka.

Mama alijikaza. Alijikaza mpaka kwenye kuku. Halafu akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika, machozi yakamtoka.

"Huyu mama," akaniambia, "hata umwekee dunia nzima mezani ataipanga foleni."

Nikatafsiri. Nonna alicheka, akaonyesha bugali, akaonyesha kinywa chake, kama kusema amechelewa kujua. Mama akainuka, akakata tonge, akalichovya kwenye sombe, akaweka kipande cha samaki juu, akamlisha kwa mkono wake. Nonna alifumba macho akitafuna. Vyote pamoja, hatimaye.

"Unaona?" Mama akasema. Kisha bila kunitazama, akikata tonge la pili: "Mwambie amchukue mtoto Agosti. Lakini amlinde na jua. Na asimlishe tambi tupu."

Nilitafsiri sentensi mbili tu za mwanzo. Ile ya mwisho sikuweza, nilikuwa nimeinamia sahani yangu.

Agosti nilikwenda. Ua wa kijijini ulikuwa vilevile nilivyoufikiria, ila wenye nyigu wengi zaidi. Shangazi wa rafiki yangu walipiga kelele kuanzia alfajiri, mikono ilikuwa myekundu mpaka viwikoni, na mimi niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya pipa, nafunga chupa matambara moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimenyamaza. Siku ya tatu niligundua kwamba nilikuwa naongea.

Jioni Mama alipiga kwenye simu ya baba wa rafiki yangu. Laini ilikuwa inakatika, na nyuma yake nilisikia mdogo wangu akidai apewe naye.

"Umekula?" Mama akauliza.

"Nimekula, Mama."

"Cha kwanza ao cha pili?"

"Cha kwanza."

"Basi acha nafasi," akasema, na simu ikakatika.